Kanga ya Indumati

Mama yangu hajui kusikiliza wimbo akiwa amekaa. Nawaambieni mapema ili mnionee huruma. Kwao Tanga, mwimbaji wa taarabu akikukuna moyo, unainuka, unatikisika taratibu mpaka mbele, unamtuza, unarudi zako. Kubaki kitini umekunja mikono ni kama kumtukana. Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke ukumbini Houston, kwenye viti vyenye namba, katikati ya madaktari na wahandisi wa Kihindi waliovaa wakapendeza. Si kujitafutia balaa?

Lakini ningemnyimaje? Alikuja kunitembelea Katy, kitongoji cha Houston ninakoishi, na tangu afike hakutaka duka, hakutaka kupelekwa ufukweni, hakutaka kitu. Siku alipoona kwenye simu yangu kwamba Indumati Karve anakuja kuimba, alishika kifua. Akaenda kwenye sanduku lake, akatoa doti mpya ya kanga, nyekundu kwa nyeusi, akaikata katikati kwa mkasi wangu wa jikoni. Kipande kimoja changu, akasema, kimoja cha Indu. Alimwita Indu kama vile walicheza rede pamoja.

Huyo Indu hakuwahi kuonekana kwenye sinema hata moja ya Kihindi. Kazi yake ilikuwa kuimba studio, nyuma ya pazia, halafu mrembo mwingine anachezesha midomo mbele ya kamera na dunia nzima inampenda mrembo. Aliingia studio bado binti mdogo, baba amekufa, wadogo zake wanamtegemea, ikabidi asimame juu ya kreti la soda ili aifikie maiki. Warembo wakazeeka, wakaletwa wengine, na wote hao wakaimba kwa koo lake. Mama naye, enzi za usichana wake, aliingia sinema akiamini kabisa kwamba mrembo ndiye anayeimba, mpaka muuza santuri mmoja akamwonyesha jina la mwenye sauti. Anasema alinuna wiki nzima kwa niaba yake.

Kisha akafanya walichofanya waimbaji wengi wa pwani. Akachukua tuni ya wimbo mmoja wa Indu, akaitilia maneno yake ya Kiswahili, akaenda kuiimba harusini. Wimbo huo ndio uliompa mama jina. Ndio uliotulisha na kutusomesha, mimi na ndugu zangu. Basi alitaka amtuze mwenye tuni, mkono kwa mkono, kabla mmoja wao hajafa. Hilo tu.

Jumamosi tukiwa kwenye foleni ya barabara kuu, magari yamesimama kama yameegeshwa, simu ikalia. Nikaweka kidude sikioni. Alikuwa Truphosa, rafiki yangu Mkenya anayepanga maua ukumbini pale.

“Huyo nyanya haimbi,” akaniambia; nyanya kwao ni bibi. “Nimewaona mchana wakifanya mazoezi. Wanaweka rekodi ya zamani, yeye anafungua mdomo tu. Usimwambie mathe.”

Jamani, niliwaka. Niliwakasirikia waandaaji, nikamkasirikia yule bibi, nikamkasirikia Truphosa kwa kunipa mzigo nisiouomba. Pembeni yangu mama anaimba kwa kumung'unya, kanga mapajani, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Amevuka dunia nzima aje atuze kanda! Mara mbili niliwasha taa ya kuashiria kwamba natoka barabarani, nirudi nyumbani nisingizie gari. Mara mbili nikaizima.

Ukumbini sikutulia. Nilimkalisha mama upande wa ndani, mimi nikawa mlangoni mwa safu kama askari. Alipotoka Indumati, mdogo, amevaa sari nyeupe, kashikwa mkono na mjukuu wake mpaka kwenye kiti, watu wote wakasimama. Alianza kuimba, na sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini. Watu wakapangusa machozi. Mimi nilikuwa natazama uso wa mama.

Wimbo wa tatu ukawa ule ambao mama alichukua tuni yake. Mama akainuka.

Nilimkamata dera. Nikamnong'oneza kwamba huku hawatuzi, hii si harusi, tutatolewa nje. Akaniambia nikimshika tena atanizaba kibao mbele ya Wahindi, akaniruka magoti na kwenda zake. Anakwenda kwa mwendo wa taarabu, bega hili, bega lile, kanga imeinuliwa juu kwa mikono miwili. Mlinzi akasogea. Nikamkimbilia mimi kabla hajamkimbilia mama.

Jukwaa lilikuwa fupi. Mama akafika, akanyoosha kanga. Na Indumati, kwa adabu tu, kwa kuwa mtu mzima mwenzake kamletea kitu, akashusha maiki na kunyoosha mikono yote miwili kuipokea.

Sauti ikaendelea.

Ikaendelea tamu vilevile, haina mwenyewe, na bibi wa watu kafunga mdomo. Mnong'ono ukapita ukumbini. Kuna mtu nyuma yangu alicheka. Indumati akatazama kanga mikononi mwake, hakutazama watu, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Niliona aibu mpaka nikatamani sakafu inimeze, maana ni mama yangu aliyemvua nguo.

Mama akaimba.

Aliimba maneno yake ya harusini, kwa sauti ya kukwaruza, bila maiki, kwa nguvu ya mtu aliyezoea kushindana na ngoma uani. Indumati akamgeukia mjukuu wake, akapitisha mkono shingoni: zima. Rekodi ikakatika. Ikabaki sauti ya mama peke yake. Yule bibi akamsikiliza kichwa kimeinama upande, akaitambua tuni yake ndani ya lugha asiyoijua, halafu akaingia naye. Sauti yake halisi ilikuwa nyembamba, ikipanda inakatika. Hakuna aliyecheka tena.

Kwenye gari mama alijifunga kipande chake kichwani. Mimi nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza kama alijua kwamba ni rekodi.

“Toka wimbo wa kwanza. Mimi mwimbaji, nisijue pumzi? Yule alikuwa havuti pumzi.”

“Sasa mbona ukaenda?”

“Kumtuza. Sauti si yake? Ya jana, ya leo, ni yake. Sikujua atashusha maiki. Hapo nilikosea mimi.” Akageukia dirishani. “Amewaimbia watu wenye midomo maisha yake yote, mwanangu. Leo midomo ilikuwa yake, na sauti hana. Nani alikuwa wa kumwimbia?”

Nikapitiliza njia ya kutokea kwenda nyumbani. Nikaendelea kuendesha tu.