Sephora na Likizo ya Baba

Jumapili ya kwanza ya Agosti, baada ya misa ya kwanza, familia ya Bertin ilikaa mezani kupanga safari ya Parc Kipepeo. Blandine, mkewe, alipangusa makombo ya mkate, akaweka daftari jipya na kuandika juu ya ukurasa wa kwanza: Safari. Lilikuwa daftari la tano. Yale manne ya mwanzo yalikuwa kabatini, kila moja na safari nzima ndani yake, kuanzia saa ya kuamka hadi rangi ya soksi. Zilikuwa safari zilizopangwa vizuri sana, kilichobaki kilikuwa kwenda tu.

Parc Kipepeo iko Lubumbashi, mwendo wa saa mbili na nusu ikiwa basi limeamka vizuri. Ni bustani ya michezo ya watoto wadogo. Kuna kigari-moshi chenye mabehewa sita, farasi wa mbao wanaozunguka, viboko wa plastiki wanaoelea kwenye bwawa la maji ya magoti, na kasri la kupulizwa upepo ambalo watu wazima hulitazama kwa tamaa. Mlangoni amesimama twiga wa mbao mwenye alama nyekundu shingoni. Mtoto aliyeipita alama hiyo hapandi mchezo wowote. Ataruhusiwa kula aiskrimu na kuwapungia wenzake mkono. Mzazi yeye hupanda kigari-moshi na viboko, kumsindikiza mtoto wake.

Mkutano ulianzia kwenye chakula, kama mikutano yote ya nyumba ile. Kambo Mwadi, mama yake Bertin, alitaka wabebe bukari, ugali wa nyumbani.

"Mu parc banauzisha frites, Kambo," alisema Samy, mjukuu wake wa kiume, mpenda viazi vya kukaanga.

"Frites njo chakula? Muntu anatoka Likasi mpaka Lubumbashi, anakula frites tu? Batasema hatuko na kwetu."

Waliafikiana mayai ya kuchemsha, karanga za Kapolowe, samaki wakavu wa Tshangalele, na sufuria moja ndogo ya bukari iliyofungwa kwa kitenge, kwa ajili ya amani. Blandine aliandika yote. Baadaye wakaja kwenye viti vya kigari-moshi. Sephora, mtoto wa kwanza, alikuwa na neno lake moja, lile lile la miaka yote: yeye na Samy behewa la mbele, Papa behewa la nyuma yao. Blandine aliliandika hilo pia na kulipigia mstari.

Sephora ana miaka sita. Amekuwa na miaka sita kwa miaka mitano sasa.

Jambo lenyewe lilianza siku alipotimiza sita, Bertin alipompakata na kumwahidi safari ya likizo, "Nikipata congé, tutaenda shiye bote." Sephora alisema sawa, atangoja. Akangoja. Watoto wengine hungoja huku wakikua, huku wakisahau, lakini yeye ni mtoto wa kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Jino lake la mbele limekuwa likitikisika tangu mwaka huo, na kucha zake hazijahitaji kukatwa. Shuleni yuko darasa la kwanza kwa mara ya sita, anakijua kitabu cha kusoma kwa moyo, na mwalimu akiugua ndiye anayeandika tarehe ubaoni. Muuguzi wa kituo cha afya humpima kila mwaka, huandika kilo zile zile na kuongeza: hali njema. Majirani huuliza, "Sephora anangojaka bado?" Blandine hujibu, "Bado." Basi wanaendelea na habari za maji na umeme, ambazo zina mashaka zaidi.

Subira huvuta heri, wanasema. Heri ya Sephora ilikuwa imekwama mahali fulani njiani. Mwaka wa tatu Blandine alijaribu kuwapeleka watoto na mjomba wao badala ya Bertin. Sephora alipanda basi, akahesabu watu, akashuka na kushukuru. Mjomba alikula mayai yote.

Samy yeye hakungoja. Alikuwa na miaka mitatu siku ile ya ahadi. Leo ana minane, anavaa viatu vya mama yake akitumwa dukani, na mvua ikinyesha anambeba dada yake mgongoni kuvuka matope. Bado anamwita yaya, dada mkubwa, maana heshima haipimwi kwa kimo. Blandine alikuwa amepiga simu Parc Kipepeo, akauliza alama ya twiga iko juu kiasi gani, akaichora kwenye mlango wa jikoni. Samy alibakiza vidole viwili. Shule zikifunguliwa angekuwa ameipita, na Sephora angekaa peke yake kwenye behewa la mbele hadi mwisho wa dunia. Hilo ndilo lililokuwa mezani Jumapili ile, na kila mtu alilijua, hata Kambo aliyekuwa bado anatetea bukari.

"Tuende mwezi huu," Blandine alisema. "Kama si huu, basi tena."

Bertin alikuwa akifunga buti. Alikuwa amekwisha kuvaa ovaroli, kwa sababu kiwanda chake hakijui Jumapili.

Ni kiwanda kimoja cha shaba nje ya mji, na Bertin ni mtu wa kutwa hapo. Sheria inasema mtu wa kutwa akipita siku ishirini na mbili kazini anakuwa mfanyakazi wa kudumu, mwenye likizo, kadi ya hospitali na ruhusa ya kuugua. Kiwanda kinaiheshimu sana sheria hiyo. Ndiyo maana siku ya ishirini na mbili kila mtu anaachishwa kazi asubuhi kwa karatasi yenye muhuri, anaambiwa asante, kisha anapanga mstari nje ya lango ili saa sita mchana aitwe jina na kuajiriwa upya, mgeni kabisa. Bertin ameajiriwa hivyo kwa miaka saba. Anazijua pampu zote kwa milio yao, lakini hajafikisha mwezi.

"Na ile siku banakufukuzaka?" Blandine aliuliza. "Ile siku hauko mu kazi."

"Ile siku niko ku mulango."

"Mulango unakuomba nini?" Kambo aliuliza.

"Jina. Kapita, musimamizi wetu, anaita, weye unaitika présent. Kama hauitike, anakamata mwingine ng'ambo ya barabara. Beko bamingi pale, Mama."

"Basi jina ibakie ku mulango," Kambo alisema. "Weye uende na batoto."

Sephora aliinua macho. "Ile itakuwa congé, Papa?"

Bertin aliona haya, na hakuificha. "Itakuwa siku moja, mwanangu."

Sephora alifikiri. "Siku moja ni siku moja," alisema, akaendelea kutikisa jino lake.

Mtu wa kuliitikia jina alipatikana nyumba ya pili. Tshimanga alifanya kazi pamoja na Bertin, na Jumapili aliimba kwaya sauti ya juu, nyembamba, iliyowafanya akina mama wafumbe macho. Bertin ana sauti ya pipa tupu. Kwa wiki mbili Tshimanga alifanya mazoezi nyuma ya jiko, akishika tumbo na kusema présent, présent, huku Samy akimpa alama kama mwalimu. Alianza na mbili juu ya kumi. Siku ya mwisho Blandine alisimama amegeuka nyuma, wanaume wote wawili wakaitika, naye akamchagua Tshimanga kuwa ndiye mumewe. Bertin alicheka pamoja na wengine, ingawa si kwa muda mrefu. Alimjua mtu aliyeondoka kumzika dada yake na kurudi kukuta kofia yake ya kazi kichwani mwa mtu mwingine.

Siku ya ishirini na mbili iliangukia Alhamisi. Kulikuwa na baridi na vumbi, kama Agosti inavyotakiwa kuwa. Walipanda basi la kwanza, Kambo akiwa na sufuria mapajani, na Sephora alihesabu watu kama kawaida yake. Wote walikuwepo. Hakushuka. Kufika Kapolowe, Samy alikuwa amelala na Bertin alikuwa ameitazama simu yake mara thelathini.

Mlangoni mwa Parc Kipepeo alikaa mwanamke mwenye miwani, jina lake, kwa kibandiko cha kifuani, Angèle. Alimsimamisha Samy mbele ya twiga. Samy aliacha kupumua. Alikuwa amebakiza kidole kimoja.

"Pita. Na wewe, mama mdogo?" Alimtazama Sephora, akamtazama tena vizuri, kisha akawageukia wazazi. "Munatoka Likasi?"

"Ndiyo, Mama," alijibu Blandine.

"Amengoja miaka ngapi?"

"Tano."

Angèle alifungua droo na kutoa utepe wa buluu, akamfunga Sephora mkononi. Tepe zilikuwa nyingi mle ndani, zimepangwa kwa mafungu. "Muko batatu juma hii. Ba Kolwezi balileta mapacha, balingoja miaka tisa, bakapanda farasi mpaka jioni. Musimupe sukari mingi. Bale ba kungoja banasikiaka kizunguzungu."

Blandine aliandika: sukari kidogo.

Kigari-moshi kilianza saa tano. Samy na Sephora walikaa behewa la mbele, magoti ya Samy yakigusa kidevu chake. Bertin alijikunja behewa la nyuma yao, na fundi wa kigari-moshi alilazimika kumsukuma begani ili mlango ufunge. Kilizunguka bustani mara tatu, kikaingia kwenye handaki la mabati, na humo ndani wote walipiga kelele kama inavyopasa. Sephora alipiga kelele ya miaka mitano. Walipanda tena. Walipanda mara sita, na mara ya nne Bertin alipiga kelele kabla ya watoto. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli, hata saa sita ilipokaribia na akaanza tena kuitazama simu.

Simu ililia saa sita na dakika ishirini, wakati yeye na wanawe walipokuwa katikati ya bwawa juu ya kiboko. Alikuwa Tshimanga, na habari za langoni.

Jina lake mwenyewe Tshimanga aliliitikia kwa sauti yake ya kwaya. Jina la Bertin lilipoitwa, aliinama nyuma ya watu wawili, akashika tumbo na kusema présent. Kapita aliacha kuandika, akainua kichwa. Kapita anamjua Bertin. Alikula kuku kwenye ubatizo wa Samy na kuomba paja la pili. Alimtazama Tshimanga, akatazama mahali ambapo Bertin angesimama, na watu arobaini wakatazama buti zao. Lakini kapita alikuwa na shida moja: kwa karatasi za kiwanda, hakuwahi kumwona hata mmoja wa watu wale. Ili aseme huyu si Bertin, ingembidi kwanza akiri kwamba anamjua Bertin, na tangu lini. Alikohoa. Akaandika.

"Umeingia, bwana," Tshimanga alisema kwenye simu, bado kwa sauti ya Bertin, maana ilikuwa imemkaa kooni. "Kesho asubui, saa moja."

Bertin alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na kiboko karibu apinduke.

Kambo alifungua sufuria kando ya kasri la kupulizwa. Kufikia saa nane familia mbili za Lubumbashi zilikuwa zimeacha frites zao na kukaa naye kwenye kitenge, wakimega bukari na kuuliza samaki wale wamekaushwaje. Kambo alimtazama Samy kwa jicho la mshindi, na Samy, mdomo ukiwa umejaa, akanyoosha mkono kuomba tonge jingine. Walirudi Likasi jua likiwa bado halijazama, wakinuka jasho na plastiki.

Kesho yake asubuhi, Blandine alikuwa akimwosha Sephora mikono kabla ya chai alipoona kitu, akasogea dirishani penye mwanga. Kwenye ncha ya kila ukucha kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Alimwita Kambo. Kambo alivaa miwani, akakagua vidole vyote kumi, kimoja kimoja, akirudia dole gumba.

"Amekomaa siku moja," alisema.

"Siku moja tu?"

"Papa yake alipata ngapi?"

Blandine alimkumbatia binti yake na kucheka, na machozi yalimtoka kidogo, ya furaha sehemu kubwa. Sephora alitazama kucha zake akaziona nzuri.

"Tutarudia siku gani?" aliuliza.

Saa ile ile Bertin alikuwa kiwandani, amesimama uani kati ya wapya arobaini. Mbele yao alisimama kijana wa usalama ambaye Bertin mwenyewe, mwaka uliopita, alimfundisha kufunga bomba la tindikali bila kujiunguza. Kijana alisoma kutoka kwenye karatasi. Aliwakaribisha. Aliuliza kama kuna yeyote kati yao aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hiki.

Tshimanga alitazama mbele. Bertin aliweka mkono wa kulia mfukoni, usije ukajisahau na kuinuka.

"Hakuna? Muzuri," kijana alisema, bila kumwangalia Bertin usoni. Kisha akawaongoza wote, taratibu, mmoja nyuma ya mwingine, kwenda kuwaonyesha choo kiko wapi.