Faili la Siri la Mama Vifo

Ofisini tulimwita Mama Vifo, kwa sababu kwa miaka tisa alikaa dirisha namba tatu akiandikisha vifo. Jina hilo nililianzisha mimi, nakiri. Aliuliza jina, umri, sababu, akagonga muhuri, akaita mwingine. Sisi tukaona kazoea, kumbe mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwaka wa tisa kulikuwa na homa, na waliokufa wengi walikuwa watoto. Akaanza kufunga dirisha saa nne asubuhi na kujifungia chooni. Siku moja nikamkuta humo ananawa uso, macho yamemwiva.

"Dada, silali," akaniambia. "Nikifumba macho nawasikia wazazi wananitajia umri. Miezi mitatu. Miaka miwili."

Nikamkumbusha kuhusu mshauri nasaha. Wizara ilikuwa imetuletea mmoja, kila Jumatano, na chumba chake kimepakwa rangi na kubandikwa bango: TUNAKUJALI. Ila serikali ni serikali. Kumwona ilibidi uandike barua, ipitie kwa mkuu wa idara.

"Wakijua, watasema nimerukwa na akili. Nina watoto wa kusomesha, dada."

"Wewe andika. Masjala ni mimi. Barua zote zinapita mikononi mwangu, nani atajua?"

Akaandika. Nami, kwa kimbelembele changu, nikaona bahasha haitoshi. Nikaifungulia faili la siri, lile la jalada jekundu, nikalipatia namba na kulipeleka mwenyewe kwa mkuu. Miaka ishirini masjala, nikasahau jambo ambalo hata mfagizi analijua: faili la kawaida hulala mezani miezi, la siri halilali hata siku moja. Kila mtu hulitamani. Mkuu akaandika, "Utumishi, tafadhali shauri." Utumishi akaandika, "Mwanasheria, je, bado anafaa kuhudumia wananchi?" Mwanasheria akalipeleka kwa mhasibu, Mungu ndiye anajua kwa nini. Kufika Jumatatu, dereva wa mkuu alikuwa ananiuliza kama ni kweli Mama Vifo anaongea na marehemu.

Jumatano mshauri alikaa peke yake chumbani kutwa nzima. Mama Vifo alikuwa ameshaandikiwa barua ya likizo ya lazima, mpaka daktari athibitishe kwamba akili zake ni timamu. Akaja masjala kusaini kuwa ameipokea, maana hata hiyo ilipitia kwangu.

"Nilitaka mtu mmoja tu anisikilize," alisema, wala hakupaza sauti. "Wewe umeniitia ofisi nzima."

Nilitaka kumwomba radhi. Roho iliniuma. Lakini kilichonitoka kinywani ni, "Nilifuata utaratibu, dada."

Akasaini, akachukua nakala yake, akaondoka. Hajanisemesha tena mpaka leo, na simlaumu.