Hodi Tatu za Chausiku

Tangu shoga yake Farida alete ujumbe, Tunu hakukaa mahali akatulia. Alifagia uwanja uliokwishafagiliwa, akaonja mchuzi mara nne asijue kama una chumvi. Ujumbe ulikuwa mfupi: leo baada ya alasiri, hitima ya marehemu mama yake Chausiku ikiisha, akaseme neno moja tu mbele ya wenzake, na ushoga wake na Chausiku wa miaka kumi na minne utapona.

"Sema hukusikia," Farida alimwambia. "Basi. Sie tushakubaliana ulikuwa umepandwa. Jini halilaumiwi, shoga."

Ni kweli halilaumiwi. Temeke nzima mtu akipandisha husamehewa hata matusi aliyomtukana mkwewe, kesho yake wakacheka pamoja. Tatizo ni kwamba Tunu hakuwa na jini.

Alichokuwa nacho alikipata Upanga. Kiwanda cha nguo alikofanya kazi kilipofungwa mwaka tisini na mbili, alirudi nyumbani na barua mkononi na moyo unaokwenda mbio mchana na usiku. Usingizi ukamhama. Ndipo akapata kazi ya kufua kwa Mama Kusuma, mjane kutoka Sri Lanka, mfuasi wa Buddha, naye akamfundisha kukaa. Kukaa tu, jamani! Mkekani, mgongo wima, unahesabu pumzi moja hadi kumi, kisha unaanza upya, saa nzima. Lakini Mama Kusuma alikuwa na sharti lake mwenyewe, ambalo hata watawa wa hekalu lao walilikataa: mlango uwe wazi, macho yawe wazi, na sauti yoyote ikija usiijibu mpaka saa iishe.

"Sauti ni mpita njia," alisema. "Mwache apite."

Sharti la mtu wa ghorofani, anayeishi na mbwa wake. Uswahilini mlango wazi maana yake karibu, na asiyeitikia hodi hali ameketi hapo hapo amekutukana wewe na ukoo wako.

Hata hivyo lilimfaa. Mwezi wa pili Tunu alilala hadi adhana ya alfajiri, akalia kwa furaha. Mashoga walinung'unika kwamba kaingia dini ya watu, wengine wakaacha kupita kwake jioni. Aliyemtetea ni Chausiku. "Mwacheni. Hamwoni anavyonawiri?"

Halafu ikaja ile Jumanne. Tunu alikuwa pumzi ya tatu aliposikia hodi. Akasikia ya pili. Ya tatu ilipokosa jibu, mgeni mwenye adabu zake angegeuka akaenda, lakini Chausiku alisimama kizingitini akamtazama usoni.

"Tunu, mama kaanguka. Njoo tumbebe mpaka barabarani. Tunu!"

Alisikia kila neno. Aliona jasho kwenye mdomo wa mwenzake. Kilichomshika kilikuwa woga: akiinuka sasa, ule moyo wa mbio utarudi, na usingizi wake utakwenda tena. Akahesabu saba. Akahesabu nane, tisa. Alipofika kumi aliruka, akakimbilia nje miguu mitupu, na uchochoro ulikuwa hauna mtu.

Mama alipakiwa kwenye mkokoteni wa muuza mboga, akafariki hospitali kabla ya magharibi. Daktari alisema kiharusi kilikuwa kikubwa, dakika tano zisingebadili kitu. Chausiku aliyaamini hayo. Alichoshindwa kukimeza ni yale macho ya Tunu, wazi, yakimtazama.

Alasiri ikafika. Tunu alijifunga kanga, akaenda kwa Chausiku. Wanawake walikuwa mkekani, pilau inapakuliwa. Alitoa pole, wakaitikia kwa upole mno, kama watu waliofundishwa. Farida akajikohoza.

"Mwenzetu huyu mnajua yaliyompata. Kapandwa na jini la ng'ambo huko anakofua."

"Astaghfirullah," mmoja akaitikia haraka.

Chausiku aliinua uso, macho yamevimba. "Mie nataka nimsikie mwenyewe. Tunu, siku ile ulinisikia?" Kisha akashusha sauti. "Sema hapana, shoga yangu. Sema hapana yaishe."

Moyo wa Tunu ulikuwa unakwenda mbio kuliko siku zote. Hapana ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Angeitoa, wangempeleka akapungwe hilo jini, wangecheka njia nzima, na jioni angerudi kukaa kibarazani kwa Chausiku. Na kila akimtazama Chausiku angejua kwamba anamtazama mtu ambaye yeye alimdanganya juu ya kifo cha mama yake. Alimpenda. Hilo ndilo lililomponza.

"Nilikusikia," alisema. "Neno kwa neno. Niliogopa kuinuka."

"Mwanamke huyu!" Farida akafoka. "Si tulikwambia?"

Chausiku hakulia wala hakutukana. Pembeni yake palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa, pilau na ukoko mwingi, kwa sababu katika wote pale ni Tunu peke yake aliyependa ukoko. Akaifunua, akamsogezea Farida.

"Kula wewe ukoko huu, usije ukapoa."

Kisha akamgeukia Tunu kwa adabu zote, kama unavyomgeukia mtu wa mtaa wa pili aliyejitahidi kufika msibani.

"Ahsante kwa kuja, dada," alisema. "Mungu akulipe."