Mara Tatu kwenye Bomba

Kaka mtu alikuwa ameshatafuta mtu wa nyundo. "Saa kumi anafika," alisema akiwa mlangoni mwa bafu na viatu vyake vya ofisini. "Tunavunja sakafu, tunang'oa hilo bomba kuukuu, yanaisha. Baba tunamhamishia chumba cha nyuma."

Dada yake, aliyeitwa Spana tangu alipoanza ufundi bomba, alikuwa akichungulia tundu la kutolea maji sakafuni. Alikuwa amepiga magoti, tochi mdomoni.

Katika chumba cha chini ya bafu hilo alilala baba yao, fundi aliyemfunza kazi. Kiharusi kilimnyang'anya maneno yote kikamwachia mkono mmoja. Kwa mkono huo alishika kijiko, na kwa kijiko aligonga bomba la maji machafu lililoshuka ukutani kando ya kitanda. Ndivyo baba na binti walivyosemezana kazini miaka yote: moja, simama, panavuja; mbili, endelea; tatu, pamekauka. Sasa ndiyo lugha pekee iliyombakia. Mara mbili walikisogeza kitanda kukwepa dari lililovimba, na mara zote mbili alilia hadi wakakirudisha. Kumtenga na bomba lile ni kumkata ulimi, na kaka mtu, pamoja na kisomo chake chote, hilo halikumwingia.

Lakini dari nalo lilitisha. Asubuhi Spana alilitoboa, likamwaga nusu beseni ya maji, na bado lilining'inia juu ya kifua cha mzee.

Aling'oa chujio la tundu la sakafuni. Ndani yake nati ya plastiki ilikuwa imegandamana na sabuni na nywele za miaka. Chini ya nati hiyo raba ya kuzuia mvujo ilikuwa imeoza. Mpya alikuwa nayo mfukoni. Ila akilazimisha, mdomo wa bomba utapasuka ndani ya zege, na hapo hata yeye atamwomba mtu wa nyundo afanye haraka. Alimwaga maji ya moto, akasubiri, akashika spana.

Akazungusha. Kra!

Alidhani mdomo wa bomba umepasuka. Hakuthubutu hata kutazama. Ndipo ikasikika kutoka chini: tok, tok. Mbili. Mzee alikuwa amesikia, na sikio lake lilijua kuwa ni mgando wa sabuni tu ulioachia.

Raba ya zamani ilitoka vipande vipande. Akapangusa, akaweka mpya, akabana nati kwa vidole kisha kwa spana, robo mzunguko. Akaliziba koo la bomba kwa kitambaa na kujaza maji hadi sakafu ikafunikwa.

"Baba! Nimejaza!"

Kimya. Dakika ishirini, arobaini, hamsini na tano. Si moja, si tatu. "Baba?" Kimya. Akaliona akilini dari limemwangukia mzee usoni, akatupa spana, akashuka ngazi mbili mbili, kaka yake nyuma yake.

Dari lilikuwa mahali pake. Mzee alikuwa macho, kijiko mkononi, akitazama gazeti lililotandikwa kifuani pake, kavu kabisa, kisha saa ya ukutani. Halafu akamkazia binti jicho lile lile la zamani: nani amekuruhusu uache kazi?

Spana akakumbuka. Bomba hujaribiwa saa nzima, na anayehesabu hagongi kabla haijatimia. Aliwahi kugonga mapema akiwa mwanagenzi, akahesabishwa upya mbele ya wenye nyumba. Akaketi sakafuni, anacheka huku analia, hofu haijamtoka hata kidogo.

Nje mtu wa nyundo akabisha hodi. "Asubiri," Spana alinong'ona. "Bado dakika tatu."

Zilikuwa ndefu. Hatimaye kijiko kikainuka.

Tok.

Spana akaziba mdomo kwa kiganja.

Tok. Tok.

"Tatu," alisema kaka mtu kwa sauti ndogo, akatoka kwenda kumrudisha mtu wa nyundo alikotoka.