Tone la Damu ya Rwegoshora

Babu yangu Kashaija alikataa sindano akiwa hana hata pumzi ya kukatalia. Alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha zahanati, blanketi limemfika kidevuni, na kila akikohoa alizishika mbavu kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Methodius, dresa aliyekuwa akitibu pale zahanati, alisimama pembeni na sinia lake. Babu akafumbua jicho moja.

"Hiyo ni ile nyeupe?"

"Ndiyo, mzee. Penisilini."

"Ile ya maziwa?"

"Inafanana na maziwa, ndiyo."

"Basi mrudishie ng'ombe maziwa yake," babu akasema, akajifunika uso.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Tangu bibi afariki nilibaki naye pale Ihanda, nikimpikia ndizi zake na kusikiliza ugomvi wake na kuku. Kwa hiyo nilijua anavyokataa kwa mzaha na anavyokataa kweli. Siku ile mdomo ulitania, lakini mkono ulikuwa umekamata blanketi mpaka vidole vikapauka.

Methodius akaniita nje, kwenye baraza.

"Kemirembe, hiki ni kichomi, na upande mmoja wa mapafu umejaa. Vidonge vya salfa amemeza na homa haikushuka. Nisipomchoma hii, sioni atakavyopona."

"Anaogopa yaliyompata Babu Rwegoshora."

"Najua," akasema. "Hata mimi sijayasahau."

Mwaka uliotangulia, Rwegoshora wa Kiruruma alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kufunga. Alipochomwa ile dawa nyeupe mara ya kwanza, alirudi nyumbani salama, akasifu. Mara ya pili nilikuwepo, nimemsindikiza babu, na babu ndiye aliyemshika mwenzake mabega. Sindano ilikuwa haijarudishwa hata kwenye sinia Rwegoshora akaanza kujikuna viganja. Halafu midomo ikavimba, vipele bapa vikamtanda kifua kizima, pumzi ikawa inapiga mluzi, akaanguka. Methodius alimchoma haraka dawa nyingine, ya kufungua pumzi, na polepole mzee akarudi kwetu. Alipoweza kukaa, Methodius alimwambia, "Mwili wako umeikataa dawa hii. Usikubali kuchomwa tena, popote utakapokwenda, na uwaambie kabla hawajakuuliza." Rwegoshora akawaambia hata wasiohusika. Alisimulia sokoni na kanisani, kama mtu aliyepigana na chui.

Sasa, yaliyompata Rwegoshora yalimhusu nini babu yangu? Yalimhusu sana, kwa sababu wale wawili walikuwa wamekula omukago. Mwenyeji anajua ni nini, mgeni nitamweleza. Katika ujana wao kila mmoja alichanjwa chale karibu na kitovu, wakachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila punje ikapakwa damu ya mmoja, na kila mmoja akatafuna yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo kila mmoja ni munywani, ndugu wa damu, wa mwenziwe. Akikuomba kitu humnyimi. Ukimdhuru, damu yake iliyo ndani yako inakugeukia na kukuua. Baadaye babu alibatizwa kwa mapadre na Rwegoshora akabatizwa kwa Walutheri, wakaacha mengi, lakini hilo hawakuliacha.

Tuliporudi ndani Methodius akavuta kigoda, akakaa chini ya usawa wa macho ya babu. Nilimpenda kwa hilo.

"Mzee, wewe mwenyewe umewahi kuchomwa penisilini?"

"Sijawahi."

"Ulipochomwa sindano za buba zamani, ulivimba?"

"Nilivimba kwa hasira."

"Kuna dawa yoyote, ya zahanati au ya kienyeji, iliyowahi kukutoa vipele au kukubana kifua?"

"Hakuna. Lakini damu ya Rwegoshora ninayo, na wewe uliona ilivyomfanya."

"Mzee Kashaija, lile lilikuwa tone. Na ulilila, halikuingia mshipani. Na ni miaka mingi."

Babu akajiinua kwa kiwiko. "Na wewe ulimchoma ndoo nzima? Si tone lako? Tone lako lilimwangusha mtu mzima, halafu unaniambia mimi kwamba tone ni kitu kidogo."

Nadhani Methodius naye aliona kwamba hapo alishikwa.

"Tena siku ile na mimi niliwashwa," babu akaongeza. "Yeye anajikuna, mimi najikuna."

Hapo nilimwona Methodius akibadilika uso. Akaliweka sinia mbali. "Uliwashwa wapi?"

"Miguuni. Mapajani."

"Babu," nikasema, "ulianza kujikuna tukiwa bado njiani. Ulikata njia kwenye kile kichaka ukaingia kwenye upupu. Nilikusugua kwa majivu jikoni kwa mama mmoja kabla hatujafika hapa."

"Umeona?" babu akamwambia Methodius. "Huyu ndiye ninayekula naye. Ananihesabia hata mikuno."

Methodius akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akaeleza alichotaka kufanya. Angechanganya dawa kidogo sana na maji mengi, akwaruze ngozi ya mkono kwa ncha ya sindano, adondoshe tone juu yake, angoje. Ngozi ikiinuka ikawasha, basi, asingemchoma. Ikikaa kimya, angechoma, na dawa ya kufungua pumzi ikae tayari.

"Chale na tone," babu akasema. "Ndivyo tulivyoanza na Rwegoshora." Akageukia ukutani.

Niliwaza. Kubishana na babu ni kazi ya bure, nimejaribu. Akilemewa kwa hoja anahamia kwenye nyingine. Lakini alikuwepo mtu mmoja ambaye babu, kwa sheria ya omukago, asingeweza kumnyima kitu: Rwegoshora. Nje alikuwa akipita mkulima mmoja, Elpidius, na baiskeli kupeleka kahawa upande wa Kiruruma. Nikamkimbilia, nikamwomba amfikishie Rwegoshora habari kwamba munywani wake ni mgonjwa na anamhitaji.

Alifika kesho yake mchana, anachechemea na fimbo, kanzu imechafuka matope mpaka magotini. Nikampokea fimbo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Yuko hai?"

"Yuko hai na anagomba."

"Basi hajafika mbali."

Akaingia, akamwangalia babu yangu. Usiku uliopita babu alikuwa ameshuka sana. Macho yalikuwa yameingia ndani, na alikuwa akivuta pumzi fupifupi kama mtoto anayelia kwa siri.

"Nimesikia unakufa," Rwegoshora akasema.

"Na wewe umechelewa."

"Mguu huu ungekuwa wako ungefika Pasaka."

Babu akataka kucheka, kikohozi kikamkamata. Rwegoshora akamshika mgongo mpaka kikapita, akamfuta mdomo kwa pindo la kanzu yake mwenyewe. Kisha akaketi kitandani, akatoa kahawa ya kutafuna, akamtilia babu punje moja kiganjani ingawa alijua hataitafuna.

Methodius akamweleza yote. Nilitegemea Rwegoshora atasema, "Upuuzi, mchome." Badala yake akainamisha kichwa kwa heshima.

"Anayosema Kashaija ni kweli. Damu yangu anayo. Na damu yangu haiyataki maziwa hayo."

"Umesikia," babu akanong'ona, ameridhika.

Rwegoshora alipotoka kwenda kunawa kwenye pipa la maji, nikamfuata na kata.

"Babu, sikukuita uje umsaidie kukataa."

"Uliniita nije kumwona munywani wangu. Nimemwona."

"Ukimwomba kitu, atakunyima?"

Akaacha kunawa. Akaniangalia, maji yanamdondoka vidoleni.

"Kumbe ndilo hilo. Wewe mtoto ni mpole kama paka." Akajifuta. "Sikiliza. Hataninyima. Hajawahi. Na akikubali kwa ajili yangu akafa, nani kamuua? Ni mimi. Nitakufa na mimi, na nitastahili."

"Asipochomwa anakufa. Dresa amesema."

"Hapo nitamlilia. Sitakuwa nimemuua."

Nikamimina maji mengine, yeye hakunawa. Tulisimama hivyo mpaka Methodius akatoka kutafuta maji ya kuchemshia sindano. Rwegoshora akamzuia kwa fimbo.

"Kijana, usinifiche. Ukimkwaruza, utajua kweli?"

"Nitajua sehemu kubwa, mzee. Yote siwezi kukuahidi."

"Siku yangu ulijua?"

"Sikujua. Mara ya kwanza haikukudhuru, sikukuuliza kitu, nikachoma tu. Sasa nauliza, nakwaruza, nangoja. Na ile iliyokufungua pumzi itakuwa mkononi mwangu kabla sijaanza."

Rwegoshora akaenda kuiona dawa yenyewe kwa macho yake, akauliza kama inazeeka, akaambiwa ni mpya. Kisha akarudi kitandani taratibu, akaketi, akauchukua mkono wa babu akauweka juu ya goti lake.

"Kashaija."

"Sema."

"Nakuomba mkono huu."

Babu akafumbua macho yote mawili. Alielewa palepale. Nilimwona anavyomtazama mwenzake kutafuta kama ni mchezo, na hakuupata.

"Unajua unachoomba?"

"Najua. Ndiyo maana natetemeka."

"Fimbo yako ndiyo inatetemeka," babu akasema. Akafumba macho. "Chukua. Si wako?"

Methodius akakwaruza ndani ya mkono, mahali laini, mistari midogo isiyotoa damu. Akadondosha tone. Rwegoshora aliinamia mkono ule karibu uguse pua yake. Mimi nilimwangalia babu mdomoni, kwa sababu siku ya Rwegoshora midomo ndiyo niliyoiona ikivimba. Haikuvimba. Inzi akataka kutua, Rwegoshora akampiga kofi hewani kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Methodius akapapasa ngozi kwa kidole, akaigeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa tena.

"Haikuinuka," akasema. "Inawasha, mzee?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nimesema hapana."

Nilitaka kupiga magoti. Lakini babu hakufurahi. Aliutazama mkono wake uliopauka kwa ugonjwa, usio na hata kipele kimoja, na uso ukamlegea kama wa mtu aliyenyang'anywa.

"Rwegoshora," akasema kwa sauti ndogo. "Damu yako haimo."

Hilo sikuwa nimelitegemea. Wala Methodius; alisimama na bomba la sindano asijue alielekeze wapi. Rwegoshora akauvuta mkono ule, akaufunika kwa viganja vyake viwili.

"Imo."

"Ingekuwemo ingekataa."

"Imo, na iko kwako. Kwangu inafanya ukorofi kwa sababu mimi ni mkorofi. Kwako imeolewa nyumba ya watu, inakaa kwa adabu za nyumba hiyo." Akamsogelea. "Isingekuwemo, ningekuomba mkono ukanipa?"

Babu akafikiri, na mimi nikaomba kimoyomoyo asipate hoja nyingine.

"Nisingekupa," akasema hatimaye. "Wewe? Hata mchicha nisingekupa."

"Basi."

"Geuka, mzee," Methodius akasema, na babu akageuka mwenyewe.

Rwegoshora alimshika mabega kama babu alivyomshika yeye mwaka ule, ila yeye alifumba macho na midomo yake ikawa inasali sala ya Walutheri. Sindano ikaingia, ikatoka. Tukangoja tena, muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Babu akalalamika kwamba kalio linauma. Methodius akamwambia hiyo ni dalili nzuri. Babu akasema kama hiyo ndiyo nzuri asionyeshwe mbaya.

Alichomwa tena siku ya pili, na ya tatu, na homa ikaanza kumwachia. Siku aliyoomba uji, Rwegoshora alikuwa bado hajaondoka. Alilala chini kwenye nyasi nilizomtandikia, na kila mgonjwa mpya alipoletwa alimwuliza kabla ya Methodius: umewahi kuchomwa ile nyeupe, na ulipochomwa viganja viliwasha? Methodius alimwacha. Babu ndiye aliyechoka.

"Munywani wangu," akamwambia, kijiko cha uji kikiwa njiani kuelekea mdomoni, "nakuomba kitu."

"Omba."

"Nyamaza nile."

Rwegoshora hakuweza kumnyima.