Nisomee Miguu Yao

Magazeti ya wazungu yalisema wageni wa raga waliokuja kutoka ng'ambo watasagwa. Yalisema hivyo kila siku kwa wiki tatu kabla ya mechi ya kwanza kati ya zile nne kubwa, na mimi niliyasoma yote kwa sauti, kwa sababu baba yangu alikuwa haoni tena ila mwanga wa mlango na kivuli cha mtu aliyesimama ndani yake.

Mimi kusoma nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia samaki, kwa hiyo nayajua. Ukurasa wa mbele hudanganya kwa makusudi. Ukurasa wa michezo hudanganya kwa mapenzi, na mtu akidanganya kwa mapenzi ukweli humponyoka.

"Wanasema wachezaji wao wa mbele ni wepesi, Tata. Makaburu wamewazidi uzito."

"Weka uzito kando. Hata ng'ombe ana uzito. Kuna picha ya skramu?"

"Ipo."

"Nisomee miguu yao."

Tata, yaani baba kwa Kixhosa, alichezea klabu ya Nyati ya mtaa wetu wa New Brighton miaka kumi na saba, katikati ya mstari wa mbele, mtu anayeuvuta mpira kwa kisigino huku wenzake wakimning'iniza mabegani. Uwanja wetu ulikuwa changarawe tupu. Manispaa ilikuwa na nyasi za kuwapa mbwa wa wazungu wakakojolee, za kutupa sisi haikuwa nazo. Vidole vitatu vya mguu wake wa kulia havikukunjika tena. Nikaisogeza dirishani picha ya skramu, wale wanane wa mbele wameshikana mabega kusukumana na wanane wa upande wa pili.

"Magoti yamekunjwa. Wote wanane. Kama watu waliopiga goti pamoja kanisani."

"Kimo kimoja?"

"Kimoja."

"Na mgongo wa yule wa katikati?"

"Umenyooka. Ungeweza kuweka sahani ya supu juu yake."

Alicheka, akajigonga paja. "Basi hao watashinda, mwanangu. Makaburu husukuma kila mtu na shamba lake. Hawa wanasukuma kama familia yenye njaa."

Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake, na mimi ndiye niliyekuwa mbioni kumnyang'anya.

Port Elizabeth nzima ilijua kizimba. Katika uwanja mkubwa wa wazungu, nyuma ya goli, upande wa jua, walituzungushia waya, na humo ndimo mtu mweusi aliruhusiwa kutazama. Tata alisimama humo kila walipokuja wageni, tangu kabla sijazaliwa. Na ndani ya kizimba kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: tunawashangilia wageni. Wageni wowote. Wangeshuka wacheza raga kutoka mwezini, tungewashangilia hadi sauti zikauke, mradi wawapige makaburu. Nilipokuwa na miaka kumi alinipandisha mabegani humo. Wageni wakafunga, tukapiga kelele, na kutoka majukwaa ya wazungu machenza yakaanza kurushwa. Moja likanipiga shingoni. Nililia. Tata akaliokota, akalimenya polepole, akanipa kipande kimoja kimoja.

"Kula," alisema. "Wametununulia."

Nilikula. Lilikuwa tamu, na ule utamu sijausamehe.

Kwa hiyo nilipokuwa katibu wa klabu, ni mimi niliyeliandika azimio. Hakuna mtu wa Nyati atakayenunua tiketi ya ziara hii wala kukanyaga uwanja wao. Mtu hashangilii kutoka ndani ya tundu la kuku. Wanachama walikutana Alhamisi katika ukumbi wa kanisa. Ngconde, mweka hazina, mtu mwenye shingo kama kisiki na ulimi kama wembe, akasimama.

"Katibu, mimi naunga mkono. Ila tuambie: na mzee wako je? Au azimio hili likifika kwenu linapita juu ya paa?"

Watu wakacheka. Kisha nikasikia Ngconde huyohuyo, amegeukia benchi la mwisho, akisema kwa sauti nyingine kabisa, "Samahani, Jwarha." Hilo ni jina la ukoo wetu, nalo huitwa mtu anapoheshimiwa. Tata alikuwa amenyoosha mkono. Alikuwa wa kwanza kuunga mkono azimio la mwanawe, na aliuweka juu hadi wote wakamaliza.

Nyumbani hakulalamika. Nani amenyamaziwa na baba mpole akapona? Alimwita mke wangu tu, akamwambia lile koti la klabu, la kijani, alilolivaa kizimbani miaka yote, alitoe kanisani kwa wahitaji. "Lakini utalivaa tena, Tata," mke wangu akajaribu. Akajibu, "Lini, mama?" Wageni huja baada ya miaka sita, pengine zaidi. Alikuwa na sabini na mmoja.

Sikulitoa koti. Nililificha chini ya godoro, na nililala juu yake vibaya.

Wiki iliyofuata kiwandani, kwenye matairi, nikasikia wageni watafanya mazoezi Jumamosi asubuhi katika uwanja wa shule fulani ya wazungu, pembeni mwa barabara tunayopita kwenda kazini. Nilirudi, nikakaa mbele yake.

"Tata, azimio limekataza tiketi na uwanja wao mkubwa. Barabara halikuitaja."

"Nani aliliandika?"

"Mimi."

"Basi uliliandika vibaya."

"Ndiyo."

"Ngconde atakutafuna."

"Ana meno manne, Tata. Nitapona."

Jumamosi nililitoa koti chini ya godoro. Tata alilipapasa vifungo kimoja kimoja, hakuuliza lilikotoka. Tukasimama barabarani, upepo wa mji wetu ukitusukuma kama askari, yeye ameshika waya wa uzio wa shule kwa mikono miwili. Nikaanza kumsimulia. Akanikataza.

"Kaa kimya. Nataka kusikia."

Wale wanane wakajipanga mbele ya wenzao wanane. Wakaingia. Nimesikia skramu maisha yangu yote, na mara nyingi husikika kama gunia la viazi linalomwagika: du, du-du, du. Hii ilisikika mara moja tu. Du. Kama mlango mzito uliofungwa na mtu mmoja. Uso wa Tata ukafunguka. Walirudia mara tisa, na mara zote tisa midomo yake ilihesabu hatua zao bila sauti.

Kisha mpira uliopigwa ovyo ukaruka waya, ukaanguka barabarani. Niliuokota, nikampa mikononi. Alikuwa ameuelekeza puani, akiunusa, wakati mchezaji mmoja alipokuja mbio kuuchukua: jitu lenye uso mwekundu, mvuke ukimtoka.

"Mwambie," Tata alinambia kwa Kixhosa, "wa katikati anauvuta mpira mapema mno. Mwamuzi wa huku ni mtu wa makaburu, atamwadhibu. Asubiri pumzi moja."

Nikatafsiri. Jitu likatazama koti la kijani, kisha vidole vya mguu wa Tata ndani ya kiatu kilichokatwa ubavuni. "Ndiye mimi huyo wa katikati," lilisema.

Nilikuwa na dakika moja ya maisha yangu na mmoja wao, kwa Kiingereza changu cha magazeti ya samaki. Nilimwambia kwamba katika uwanja ule mkubwa kuna kizimba, na safari hii kitakuwa kitupu. Asidhani tumewachukia. Wapigeni, nilisema, wapigeni wote, kisha rudini kwenu na msije tena kucheza nao mpaka mzee huyu akae kiti anachokitaka.

Aliyatazama macho meupe ya Tata. Na Tata, bila kuomba ruhusa ya mtu, akapitisha mkono juu ya waya, akampapasa shavu, akalipata sikio. Katika nchi ile, mwaka ule, barabarani, mchana. Nilitazama huku na huku kama mwizi. Yule mtu hakusogea. Aliinamisha kichwa chini kidogo, ili mzee afikie vizuri.

"Mm," Tata alisema. "Wa mstari wa mbele kweli."

Tulipokuwa tukirudi, mkono wake begani mwangu, akasema, "Ujumbe wangu ulikuwa mfupi. Salamu zako zilikuwa ndefu."

Nilisimama. Nilikuwa nimesahau: Kiingereza alikijua vizuri. Alikitumia kazini tu, na alishastaafu.

"Nimekosea, Tata?"

"Ungeongeza na machenza," alisema, akanisukuma tuendelee.

Alhamisi nikasimama mbele ya wanachama na kukiri kila kitu, kabla mtu mwingine hajanisemea. Waya, mpira, mkono. Nikasema wakitaka ukatibu wauchukue. Ngconde akainuka, shingo imevimba, nami nikajiandaa kutafunwa.

"Jwarha," alisema, akinipita mimi, akielekea benchi la mwisho. "Hilo sikio. Lilikuwaje?"

"Limefinyangwa lote na skramu. Kama kipande cha tangawizi."

"La kushoto au la kulia?"

"Nilishika moja tu. Lakini alivyoinama, nadhani yote mawili."

Ngconde akaketi taratibu. "Yote mawili," aliwaambia wenzake. "Basi makaburu wamekwisha."