Marehemu wa Kiti cha Mbele

Jumatatu asubuhi mkufunzi aliingia darasani na mkoba wake na kisirani chake, akawasha projekta, akakuta kiti cha mbele kimekaliwa na Msumari. Msumari alikuwa amezikwa Jumamosi. Alivaa suti ile ile aliyozikwa nayo, kola ina udongo, na tayari alikuwa ameshafungua kompyuta na kuingiza nywila.

"Wewe si ulizikwa?" mkufunzi aliuliza.

"Jumamosi."

"Haya, usinicheleweshe."

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Waliosoma pale walikuwa waandishi wa programu waliotumwa na kampuni zao. Kampuni hizo zilinunua programu ya uhasibu iliyotengenezwa tayari, kama mtu anavyonunua suruali dukani, zikafika nayo ofisini zikaona inabana. Kozi iliwafundisha kutengeneza hifadhidata zao wenyewe na kuziunganisha na programu ile. Hakuna aliyekuja kwa hiari. Mkufunzi aliwaita vichwa maji, wao wakamwita Pilipili, na wenyewe kwa wenyewe waligombania soketi za umeme hadi kusukumana.

Msumari ndiye aliyeiandika kozi nzima. Waliompa jina hilo walisema akishakaa kwenye kiti hang'oki. Alifia pale pale, siku ya sikukuu, ofisi nzima iko nyumbani isipokuwa yeye. Mfagizi alimkuta kidole kimelalia herufi moja, nayo ilikuwa ikiendelea kujiandika.

Kurudi kwake kuliudhi watu. Kompyuta zilikuwa zimehesabiwa, kwa hiyo kijana wa duka la dawa na dada wa kiwanda cha rangi walilazimika kutumia moja.

"Maiti ana kompyuta yake peke yake, mimi niliye hai nachungulia begani kwa mtu," dada alifoka.

"Chungulia kimya," kijana akamjibu.

Huyo kijana alitaka programu ya duka lao ikatae kuuza dawa iliyopitwa na muda. Aliifunga tarehe kwenye jina la dawa. Msumari akageuka, udongo ukamwagika mezani.

"Ifunge kwenye shehena iliyoingia. Ukiifunga kwenye jina, ikiharibika chupa moja umeharibu zote."

"Nani kakuuliza?" kijana alisema, lakini akabadilisha, na ikakubali.

Kufikia katikati ya wiki, wote walikuwa wakimuuliza yeye. Mkufunzi alinuna, akahamia karibu na dirisha. Meneja wa ofisi ile alipanda kuangalia, akafurahi, akaagiza meza ifutwe vumbi mara kwa mara, na akatangaza kozi nyingine mbili.

Mke wa Msumari alikuwa msusi. Habari alizipata kwa mteja, ambaye mumewe alikuwa akisoma pale.

"Kumbe shemeji karudi kazini," mteja alisema.

Msusi alimwacha mteja kichwa nusu, akatoka na kitana mkononi.

Hakubisha hodi. Alipita katikati ya meza, akasimama mbele ya mumewe.

"Umefufuka tangu Jumatatu. Nyumbani hata kuchungulia?"

"Nikimaliza hii," Msumari alisema, macho kwenye skrini.

"Hiyo 'nikimaliza hii' nimeisikia tangu unioe. Mwanao kaanza kutembea."

"Lini?"

"Ulipokuwa hai! Ulikuwa huku huku!"

Msumari alifikiri. Vidole vyake vilisimama juu ya kibodi, kisha vikaendelea.

Meneja alifika akihema kwa ngazi. "Mama, darasa ni la waliojiandikisha tu."

"Mimi ni mke wake."

"Ulikuwa."

Msusi alimtazama kuanzia viatu hadi kipara. "Sawa. Basi nipe maiti yangu. Nimemwosha mimi, nimemlilia mimi, nimemzika mimi. Wewe hata kwenye mazishi hukuonekana."

"Nilikuwa na kikao," meneja alisema. "Na mimi sikumwita. Kaja mwenyewe. Mlango uko wazi, akitaka aende."

Msumari alifungua ukurasa mwingine, akaendelea kuchapa.

Msusi akamshika mkono, akavuta. Msumari alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa kambani, lakini kiti kilikuja naye. Hapo wanafunzi, ambao tangu waanze hawakuwahi kukubaliana hata juu ya kufungua dirisha, waliinuka pamoja. Kijana wa duka la dawa alishika mkono wa pili, dada wa kiwanda cha rangi akashika kiti.

"Mama, tuna mtihani kesho!"

"Mwacheni! Ni mume wangu!"

"Tukishapasi, mchukue!"

Walivutana. Shati la Msumari lilifunguka begani, na kitu ndani yake kikalia kama kijiti kikavu. Yeye alikuwa akijaribu kufikia kibodi kwa kidevu. Msusi alipousikia mlio ule aliachia, kwa sababu kati ya wote mle ndani ni yeye tu aliyeogopa kwamba mkono ungeng'oka. Wanafunzi walikirudisha kiti mahali pake na kuketi. Mkufunzi akamwambia msusi afunge mlango akitoka, baridi ya kiyoyozi inapotea.

Mtihani ulifanyika, wote wakafaulu. Hawakumrudisha kwa mkewe. Kundi jipya lilikuwa tayari linasubiri kwenye ngazi.

Wiki iliyofuata msusi alikwenda makaburini. Hakubeba maua. Alimkuta mlinzi akichoma majani makavu, akamwonyesha kaburi la mumewe, ambalo udongo wake ulikuwa umebonyea katikati.

"Mpeni mtu mwingine hapa," alisema. "Mwenyewe yuko kazini."

Mlinzi hakuuliza kazi gani. Alichokoa moto, akaelekeza fimbo kwenye safu ya nyuma. "Yule pale alikuwa dereva wa kampuni ya mabasi. Walimpigia simu, akaenda. Yule wa pembeni, mwalimu. Huyo hata hawakumpigia."

"Huwa wanarudi?"

"Hawajarudi bado."

Msusi alijipangusa majivu kwenye mikono, akauliza kama kwa mtu atakayezikwa hapo itabidi kuchimba upya, au shimo lile lile linatosha. Mlinzi akasema linatosha.